Kitabu Kimoja kwa Mapasa

Wiki ile nzima sikukaa kitako. Nilisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa. Nilifagia uwanja asubuhi, na jua lilipopanda nikaufagia tena, maana vumbi la Agosti hapa mtaani Panda ukilifukuza halina pengine pa kwenda, linarudi palepale. Mtoto wangu wa kiume alikuwa amepata kazi Kolwezi. Alipata na nyumba, akatuma habari kwa simu: mke na watoto wapande gari Jumamosi, kabla shule hazijafunguliwa. Watoto hao ni mapasa, wasichana wawili waliozaliwa pamoja, wa miaka sita, na tangu wazaliwe wamelala chini ya bati langu. Sikuwa na neno la kupinga. Mke anamfuata mumewe, watoto wanamfuata mama yao, mzee anabaki kulinda nyumba. Siandiki ili mtu anionee huruma.

Kilichonisumbua ni wimbo. Nilikuwa na wimbo mmoja wa utoto wangu ambao sikuwa nimewapa wale watoto, na zilikuwa zimebaki siku sita.

Niseme kwanza kwamba shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili ninachoandika ni kile cha kitabu cha sala, kwa sababu ndicho nilichoonyeshwa kuandika. Nyumbani tunazungumza chetu cha Katanga, na maneno ya watu nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mimi pia nilizaliwa mapasa. Tulikuwa wasichana wawili, hapa hapa Panda, katika kambi ya wafanyakazi, zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama madawati. Baba alikuwa wa kiwandani. Mama alitubeba mmoja mgongoni, mmoja kifuani, vitambaa viwili vimepishana kama mikanda ya askari. Hivyo ndivyo alivyokwenda bombani, alivyovuka reli, alivyosimama kwenye mstari siku kampuni ilipogawa unga wa posho. Wa mgongoni hamuoni. Wa kifuani anamuona, lakini mikono imejaa ndoo, hawezi kumgusa. Basi alituita kwa wimbo, na sisi tulijibu, kila mtu zamu yake:

*Wa mugongo, uko?*
*Niko, mama, niko.*
*Wa kifua, uko?*
*Niko, mama, niko.*
*Tupite wapi? Tupite ku bomba,*
*maji itunawishe mikono ine.*

Kisha anaita tena, na safari hii tunapita kwenye reli, miguu minne iruke. Tunapita kwenye posho, macho manne yaangalie kipimo. Tunapita kwenye sirene ya kiwanda, masikio manne yasikie. Tunapita kwenye mvua, mabega manne yalowe. Mwisho anauliza kama tumefika, tunajibu tumefika. *Bangapi?* *Batatu!* Hapo tulipiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Hata tulipokua na kutembea kwa miguu yetu hakubadilisha maneno. Dada yangu, aliyetoka wa kwanza, alibaki wa kifua. Mimi niliyemfuata nilibaki wa mgongo. Sokoni mama hakugeuka nyuma kututafuta. Aliita tu, akasikia sauti mbili, akaendelea na njia.

Tulipokuwa na miaka sita surua ilipita kambini ikamchukua wa kifua. Kwetu mapasa hawafi. Tunasema amerudi, na hakuna ruhusa ya kulia, kwa sababu aliyebaki akisikia kilio anaweza kufuata. Walinipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, wakaimba, na mama akaimba pamoja nao, macho makavu. Nilifikiri ni sikukuu. Siku zilizofuata nilitembea nyuma ya mama kwenda bombani, nangoja aniite. Hakuniita. Nikamwambia, "Mama, uniite." Akasema, "Nyamaza, utembee." Hakuniita tena mpaka siku tuliyomzika yeye. Angeita nusu tu, upande wangu, ningejibu nusu yangu na ningetosheka. Jibu nililibeba kinywani, mtu wa kuuliza hakuna.

Ndiyo sababu sikutaka mapasa hawa waende bila ule wimbo.

Sasa mke wa mtoto wangu. Ni mwanamke mchapakazi, mshonaji, simsemi vibaya. Lakini anasali kwenye kanisa la uamsho, na huko wamemwambia kwamba nyimbo za mapasa ni za mizimu. Sababu wanayo kidogo. Mapasa wakizaliwa, wanawake wetu hukusanyika na kuimba matusi ya wazi, ya mwili wa mtu, mbele ya baba mkwe, hata mbele ya padri akipita njiani. Ndivyo mapasa wanavyopokelewa. Wanawake walipokuja kwangu na ngoma yao, yeye, mzazi wa siku mbili, alijiburuta akawafungia mlango.

"Mama, minye sitaki mizimu mu nyumba," aliniambia siku ile.

"Nyumba ni yangu."

"Batoto ni bangu."

Tuliishia hapo, miaka sita. Hata lile jina la Mama Mapasa, ambalo mtaa mzima unamwita kwa heshima, halipendi. Anaitika kwa sababu hana njia.

Kitu kimoja anachokipenda karibu sawa na kanisa ni shule. Karatasi yenye maandishi haitupi. Watoto wamejua herufi kabla ya kuvaa sare, na yeye ndiye aliyewafundisha, kwa magazeti ya kufungia mandazi. Nikawaza: wimbo akiusikia mdomoni mwangu ataukataa. Akiukuta kwenye kitabu, una picha, una herufi, ataufungulia mlango mwenyewe. Ulikuwa ujanja, sikatai. Jumapili nilipotoka misa ya kwanza sikurudi nyumbani. Nilikwenda na nguo zangu za kanisa mpaka kwa fundi wa mapicha.

Fundi huyo ni baba mwenye ndevu zilizoanza mvi. Anachora vibao vya maduka na vya vinyozi, na siku asipokuwa na kibao anachora mamba-muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, ambaye zamani kila sebule ya Katanga ilimtundika ukutani. Nilimwimbia polepole, kwa sauti ya chini, nikitazama kama kuna mtu wa mtaa wangu anayepita. Alisikiliza na brashi sikioni.

"Bon. Hii wimbo iko na mamba-muntu?"

"Iko na mama na batoto babili. Mamba-muntu atoke wapi?"

"Ku maji, mama. Umesema maji."

"Maji ya bomba, weye! Mamba-muntu atapita mu bomba?"

"Atapita," akasema kinyozi wa kibanda cha jirani, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa ananyoa. "Ba siku hizi beko bembamba."

Hata yule aliyekuwa ananyolewa alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia fundi kwamba akiweka mkia mmoja wa samaki kwenye kazi yangu, nitarudi na ufagio. Akaahidi. Jumanne nilipofika kuchukua, karatasi nane zilikuwa tayari, nzuri, zinang'aa: jalada, mama akiita, bomba, reli, posho, sirene, mvua, na kufika. Lakini pale kwenye bomba niliona kichaka cha kijani kilichokaa ovyo majini.

"Hii kichaka ni ya nini?"

"Mama, mukono ilizoea mukia. Niliifunika."

Malipo alikula: bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, sahani iliyojaa, siku tatu mfululizo. Maneno chini ya picha niliyaandika mwenyewe. Nilijificha chumbani kwangu na kalamu, herufi moja inanichukua muda wa kumenya kiazi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikasikia cherehani ya mke wa mtoto wangu ikinguruma sebuleni na kila iliponyamaza nilisukuma karatasi chini ya mto, kama mtoto aliyeiba sukari. Mimi, mwenye nyumba.

Jumatano mchana tulipomaliza kula nilizishona zile karatasi kwa uzi, nikawaita watoto.

"Kuyeni hapa. Nkambo iko na kitu."

Nkambo ni mimi, ndivyo wajukuu wanavyotuita huku. Walikuja wakikimbia. Aliyezaliwa wa kwanza ndiye aliyefika mbele, akanyoosha mikono, nikamwekea kitabu mikononi.

"Eee! Iko na batoto babili! Nkambo, ni sisi?"

Yule wa pili alikuwa amenyoosha mikono pia. Aliitazama mikono yake, akairudisha nyuma ya mgongo, akaenda kukaa kizingitini, uso nje.

Cherehani ilinyamaza.

"Mama," akasema mke wa mtoto wangu. "Ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani?"

"Kitabu ya pili. Umepatia mumoja."

Hapa kwetu mtu asiyejua hata kuandika jina lake anajua hili: mapasa hupewa kwa mikono miwili, wakati mmoja, vitu viwili vinavyofanana. Ukimpa mmoja, mwingine anaugua. Anaweza kurudi. Yeye mwenyewe, anayesema mizimu haipo, hajawahi kununua kandambili jozi moja. Ndizi anaikata kwa kisu, anapima vipande kwa jicho moja kama fundi seremala, na ukimuuliza anasema ni ili wasigombane. Na mimi, niliyezaliwa mapasa, mimi niliyemwita kichwani mwangu mtu asiye na desturi, ndiye niliyeleta kitabu kimoja.

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba. Nilijiuliza ilikuwaje, wiki nzima, mbele ya fundi, na kalamu mkononi, nisifikirie hata mara moja kitabu cha pili. Jibu lilikuja na sikulipenda. Kitabu hicho nilikitengeneza kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa mimi.

Jioni ile wa pili alikataa bukari. Mama yake aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akakiacha pale muda mrefu.

"Iko na moto kidogo," akasema.

"Ni jua," nikasema.

"Eye. Ni jua."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu tulikuwa tunaogopa kitu kimoja.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mtoto amekunywa uji, joto limeshuka, lakini kitabu alikipita kama kinachomhusu mtu mwingine. Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda kwa fundi mbiombio. Kibanda kimefungwa. Kinyozi akanieleza kwa kidole, kuelekea magharibi.

"Ameenda Kambove, mama. Iko anachora ukuta ya depo ya muntu. Atarudi Lundi."

Jumatatu! Nilitembea mpaka pale wenye pikipiki wanapongojea abiria wa Kambove. Nikasimama. Nikahesabu saa: kwenda, kumtafuta, kumng'oa kwenye ukuta wa mtu, kurudi. Mwenye pikipiki akaniuliza mara tatu, "Mama, tunaenda?" na mara ya nne akaniuliza kama niko mzima. Nikageuka. Njiani nilinunua karatasi na kalamu za rangi za watoto wa shule. Maisha yangu sikuwa nimechora kitu, ila mistari ya mchezo wa kuruka, chini, kwa kijiti.

Nilichora mezani, nikahamia dirishani, nikahamia uwanjani penye mwanga, nikarudi ndani kwa sababu ya upepo. Nilitaka kufuata kazi ya fundi mstari kwa mstari, lakini mkono wangu ulijua njia yake. Mama alitoka mrefu kuliko nyumba. Bomba lilitoka kama ndovu. Mchana umeme ulikatika, wale wa bwawa la umeme la Mwadingusha wanajua wenyewe kwa nini, cherehani ya umeme ikanyamaza, na kwa sababu hakuna kelele watoto walikuja kusimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi zao shingoni.

"Nkambo," akasema wa pili, "juu ya nini treni iko na miguu?"

"Si miguu. Ni magurudumu."

"Ni miguu! Iko sawa na finkubala!"

Finkubala ni wale viwavi tunaowakausha na kuwala. Wote wawili walianguka chini kwa kucheka, na wa pili ndiye aliyecheka zaidi, mpaka kwikwi zikamkamata. Nilitaka kukasirika. Niliendelea kuchora.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako."

"Na minye?" akadakia wa kwanza, kitabu cha fundi kimebanwa kwapani. "Minye pia nataka ya finkubala!"

Basi hapo nikaona kwamba nimeongeza ubaya juu ya ubaya. Kimoja kinang'aa, kingine kimepinda. Mmoja atasema mwenzake amepewa kizuri, mwingine atasema mwenzake amepewa kinachochekesha, na mapasa hupewa vinavyofanana. Ijumaa asubuhi karatasi zangu nane zilikuwa tayari, na nilikuwa nimekaa mbele yake sijui nifanye nini. Mke wa mtoto wangu alipita na nguo za kufunga safari. Akasimama. Akaweka nguo chini.

"Tufungue," akasema.

Alichukua wembe wake wa kufumulia, akakata uzi wangu, akatandaza karatasi zote kumi na sita mezani, za fundi juu, zangu chini. Kisha akaanza kugawa. Bomba la fundi huku, bomba langu kule. Reli ya fundi kule, finkubala yangu huku. Nne za fundi na nne zangu kwa kila kitabu. Alipima kingo kwa jicho lile lile la ndizi. Lakini kabla ya kushona alivuta kiti, akasoma karatasi moja baada ya nyingine, kidole chini ya maneno, midomo inatembea.

"Mizimu iko wapi?" nikamuuliza.

"Bado naangalia."

Akasoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo.

"Imba," akasema. "Yote. Nisikie kwanza, mbele ya kushona."

Nilikuwa nimeimba kwa fundi, lakini kwa fundi niliimba kama mtu anayetoa vipimo vya dirisha. Sasa nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu mchana, mbele ya mtu aliyekuwa anatega sikio. *Wa mugongo, uko?* Nikajijibu mwenyewe, niko. *Wa kifua, uko?* Nikanyamaza. Nilijaribu tena kutoka mwanzo, nikafika palepale.

"Juu ya nini unanyamaza?"

"Wa kifua alirudi," nikasema.

Neno hilo hata wa uamsho wanalijua. Alitoa mguu kwenye cherehani. Miaka sita ameishi na mimi, ameniogesha nilipougua malaria, na hakujua kwamba nilizaliwa mapasa, maana jina la mapasa niliachishwa dada aliporudi, na watu wananiita kwa jina la mtoto wangu.

"Hukuniambia, mama."

"Hukuniuliza."

"Mulikuwa na myaka ngapi?"

"Sita."

Aligeuza uso dirishani. Nje watoto wake walikuwa wanagombania ndoo. Kisha akaweka karatasi chini ya sindano, akashona kitabu cha kwanza, akashona cha pili, akakata nyuzi kwa meno. Aliwaita watoto, akasimama katikati yao, akanyoosha mikono yote miwili kwa pamoja. Walivichukua kwa pamoja. Sikuhitaji kumwonyesha.

"Batasoma," akaniambia. "Ni kitabu. Kitabu minye sikatazi. Lakini kuimba, mama, minye siimbi."

Ndipo nilipoona kwamba kazi yote ile, fundi, na kalamu, na finkubala, haikufika nilipotaka. Watoto wangesoma, wangejua kila neno. Lakini wimbo ule watoto wanaitika tu, mwenye kuita ni mama. Nilikuwa nawafungia safarini majibu mawili bila swali. Mimi nayajua majibu ya namna hiyo.

"Nani atabaita?" nikamuuliza.

"Weye utabaita ku simu."

"Ku simu? Minye nitajua nani iko mbele na nani iko nyuma?"

"Mama," akasema, na alisema kwa upole, ndiyo sababu sikuweza kumkaripia, "nikitaka kujua batoto bangu beko wapi, nitaita majina yabo. Bon. Tufunge mizigo."

Tulifunga, watoto wakisoma vitabu vyao kwa sauti na kujibizana, wa kwanza wa kifua, wa pili wa mgongo. Mama yao alipolala mchana kidogo niliifungua mifuko nikaifunga upya, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

Jumamosi asubuhi tulikuwa kwenye maegesho ya magari ya Kolwezi. Mtu aliyefika pale anajua palivyo: magunia, kuku, wapiga debe wanaovuta mkono wa kila mtu mwenye begi, redio tatu zinazoimba vitu vitatu. Watoto walikuwa wamevaa magauni mapya ya kitambaa kimoja. Mama yao alikuwa anabishana na wa mizigo juu ya cherehani.

"Usiilaze! Iko na kichwa, haifai ilale!"

"Mama, hata minye niko na kichwa na ninalala."

"Weye ukivunjika nani atalia? Isimamishe!"

Wakati huo lori la makaa liliingia, watu wakabanwa ukutani, vumbi likapanda, na lilipotulia nilitazama palipokuwa na magauni mawili. Hapakuwa na kitu. Niliangalia nyuma ya magunia. Niliangalia chini ya meza ya muuza mayai.

"Batoto," nikasema. "Batoto beko wapi?"

Aliacha cherehani hewani mikononi mwa yule mtu. Aliita majina yao, moja baada ya jingine, kwa nguvu zake zote. Sasa, majina ya mapasa kwetu hayachaguliwi. Ni yale yale mawili, nyumba kwa nyumba, Katanga nzima, na hata kanisa lake halikuweza kuyazuia, baba wa watoto aliyashikilia. Msichana mkubwa mwenye beseni la karanga aligeuka. Kutoka juu ya gari jingine mzee mmoja wa mvi akainua kofia.

"Minye hapa, mama! Umenipatia muke gani?"

Watu wakacheka. Yeye akaita tena, yule mzee akaitika tena, na mke wa mtoto wangu akashika kichwa. Mimi nilikuwa najua la kuita. Nilifungua kinywa. Haukutoka mwito, kwa sababu tangu utoto nilichojifunza mimi ni kujibu.

Alinitazama, akakitazama kinywa changu kilichoachama. Kisha akageukia umati, akakaza mishipa ya shingo kama mtu anayeuza samaki.

"Wa mugongo, uko?"

Wapiga debe wawili walinyamaza kumshangaa.

"Niko, mama, niko!"

Ilitoka nyuma ya lori, upande wa wauza mikate. Lile gauni lilichomoza katikati ya miguu ya watu, kitabu kimeshikwa juu ya kichwa.

"Wa kifua, uko?"

Kimya. Aliita tena, na safari hii sauti ilipasuka katikati. Nilimshika mkono, au yeye alinishika, sijui.

"Niko, mama, niko! Niko mu gari! Nimekamata dirisha!"

Alikuwa ameingia peke yake, amekalia siti mbili kwa kulala juu yake, anamlindia mwenzake nafasi. Mama yake alimkokota wa pili kwa mkono mpaka ndani, akawachapa wote wawili kofi moja moja, sawasawa, kisha akateremka kuniaga. Macho yalikuwa mekundu.

"Usiseme kitu, mama."

"Sijasema."

"Uso yako inasema."

Gari liliondoka likiwa limeinamia upande wa mizigo. Nilirudi Panda kwa miguu, sikutaka kukaa ndani ya gari la mtu. Mke wa mtoto wangu alikosea mwito, niandike na hilo. Pale kwenye *uko* sauti inapanda, yeye aliishusha, tena aliita bila wimbo, ukali mtupu, hata mapigo hakuyafuata. Tangu wafike Kolwezi nimempigia simu mara mbili ili nimrekebishe. Mara zote mbili, kabla sijafika hapo, ameniambia nimsamehe, ana watoto wa kutafuta, na kabla simu haijakatika nimemsikia anaita, wa mugongo.